Ng'ombe za Joseah Katika Boma Langu

Kama ugali umeanza kukukwama hapa chini ya shingo, na unausukuma na maji, na unawaambia watu ni haraka tu ya kula, basi wewe ndiye ninakuandikia. Mimi nilisukuma na maji msimu mzima wa mvua. Sikusoma sana. Niliacha shule mapema nikaenda kuchuma majani chai, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya daktari. Nitakueleza nilivyokaa kwenye mabenchi, nilivyokonda, nilivyogombana na bibi yangu, na nilivyokaribia kufa kwa sababu ya ng'ombe ambazo hazikuwa zangu. Na majina nitayataja. Watu wa kwetu Kimulot wananiambia, "Achana nayo, Baba Chelangat, si umepona?" Ndiyo, nimepona. Ndiyo maana nataja. Aliyekufa hawezi kumtaja mtu.

Ilianza na ugali, halafu nyama, halafu chapati. Chai ilikuwa inapita. Sisi watu wa huku tunakunywa chai ikiwa bado inachemka, na mtu akipuliza kikombe tunamcheka kama mtoto. Mimi nikasema, maadamu chai inapita, hakuna ugonjwa. Nikaenda kwa Wilson, yule wa duka la dawa pale Boito. Huyo ndiye wa kwanza. Alinigonga tumbo na vidole, akasema ni vidonda vya tumbo, akanipa dawa nyeupe ya kunywa, tamu kama peremende. Ikiisha narudi, ananiuzia nyingine. Siku moja nikamwambia, "Wilson, sasa hata uji unasimama njiani."

Akasema, "Mzee, punguza mawazo."

Nikapunguza mawazo. Mwili nao ukapungua. Mkanda wangu ulikwisha mashimo nikatoboa mengine na msumari uliotiwa moto. Pete ya arusi ilianguka nikichuma majani, tukaitafuta chini ya michai, mimi na Emily bibi yangu, mpaka jioni. Tulipoipata aliiweka kwenye kikombe juu ya kabati. Kutoka siku hiyo alianza kuniangalia nikilala.

Binti yetu Chelangat ndiye alinitoa. Yeye anasuka nywele Sotik. Alikuja nyumbani akanikuta nimeugeukia ukuta nikitema chakula kwenye mkebe, nikidhani hakuna anayeona. Akasema, "Baba, umekuwa na miguu ya kuku. Kesho tunaenda hospitali, na si kwa Wilson."

Hospitali kubwa sitaitaja, kwa sababu waliniponya, hata kama walinichelewesha. Waliingiza mpira wenye taa kooni. Nilidhani nitakufa kwa hiyo tu. Baada ya siku za kungoja, daktari akatuita ofisini, mimi na Emily, akasema kuna kitu kimeota ndani ya koo na ni kansa. Akasema tuna bahati hakijaenda mbali. Alieleza mambo mengi, mimi nikabaki pale kwenye neno la kwanza. Tulipotoka Emily alikaa kwenye benchi, akafunga lesso yake vizuri, akasema, "Na Jumapili ni zamu yetu kupeleka maziwa kanisani." Hakuwa mjinga. Alikuwa anatafuta kitu kidogo cha kushika.

Mpango ulikuwa hivi: kwanza dripu za dawa kali na mionzi, ili kile kitu kikonde, halafu wanipasue watoe kipande cha koo. Daktari alisema upasuaji lazima ufuate upesi. Tukichelewa, kitarudi na nguvu mpya. Hiyo ndiyo kamba niliyoning'inia mwaka mzima, na wewe msomaji uishike vilevile: upasuaji, kabla hakijarudi.

Dripu ya kwanza nilipewa mahindi yakiwa yametoka tu ardhini. Kwa sababu chakula hakikupita, walinitoboa tumbo wakaweka mpira mdogo, na Emily akafundishwa kumimina uji na maziwa kwa huo mpira. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba utashiba bila kuonja. Unakaa, unaangalia maziwa yakishuka kwenye mpira, tumbo linajaa, mdomo unalia njaa. Nywele zikaanguka. Harufu ya majani chai, ambayo nimeinusa tangu kuzaliwa, ikawa inanitapisha, na mimi nyumba yangu iko katikati ya michai. Nilikuwa nalala na kitambaa puani. Mionzi nayo iliunguza shingo ikawa nyeusi kama chungu.

Sasa, hayo maziwa. Yalitoka kwa ng'ombe nne zilizokuwa bomani mwangu. Lazima nisimame hapa kidogo nieleze, hasa kama wewe si mtu wa kwetu.

Ng'ombe hizo zilikuwa za Joseah arap Mosonik. Kwetu Wakipsigis kuna mtindo wa zamani, tunauita kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe nyingi haziweki zote mahali pamoja. Anampa rafiki mbili, anampa mwingine tatu, ili ugonjwa ukija usimalize zote. Wewe unayefuga unakunywa maziwa, unapata mbolea, na mwenyewe akifurahi siku moja anakupa ndama. Lakini ng'ombe ni zake. Na kitu kikubwa ni hiki: hutangazi. Mgeni akiuliza, unasema ni za hapa. Kumtaja mwenye ng'ombe mbele ya mgeni ni kama kumvua nguo sokoni. Hata bibi ya mtu anaweza asijue mume wake ameweka ngapi, na wapi.

Na Joseah hakuwa rafiki wa kawaida. Tulitahiriwa pamoja. Tulikaa menjo moja, ile nyumba ya vijana wa tohara, na mambo ya huko hayasemwi. Nilishikwa na homa nikiwa huko, yeye akanibeba mgongoni mpaka mtoni kunipoza. Mtu kama huyo ni zaidi ya ndugu. Ndugu umezaliwa naye tu.

Basi. Bima ya serikali ililipa dripu na mionzi, halafu ikafika mwisho wake. Ya upasuaji haikutosha. Mama Akinyi ndiye alinifungua macho. Mama Akinyi ni mama wa kutoka ziwani, mume wake alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha majani, alikuwa amelazwa wodi ya karibu. Tulikutana kila mara kwenye benchi la nje ya chumba cha dripu, yeye na chupa yake ya chai.

Akaniuliza, "Mzee, umeingia ule mlango wa mwisho? Wa wale hawajiwezi?"

"Mimi najiweza," nikasema.

"Unajiweza na nini, na hiyo shingo ya korongo?" Akacheka mpaka sista akachungulia. "Nyinyi watu wa maziwa mtakufa na heshima imejaa mfukoni. Enda useme huna. Mimi nilisema sina, na kweli sina. Serikali ina fungu la maskini, si ni pesa yetu ya ushuru? Ama unataka ikunywe chai na watu wa ofisi?"

Nilienda ule mlango wa mwisho. Ndani kulikuwa na msichana mdogo, Sharon, mtu wa ustawi wa jamii, mpole tu. Akasema atakuja nyumbani aone tunavyoishi, kisha jibu litatoka. Nilirudi nikimwambia Emily, "Wanakuja kuona." Na hapa nitakuambia kosa letu la kwanza. Emily alipiga deki kila mahali. Aliazima vikombe vya maua kwa jirani. Alitandika vitambaa vyeupe kwenye viti. Mgeni wa serikali atatukutaje hivi hivi? Ukimwalika mtu aje kuona umaskini wako, mama wa Kikipsigis atauficha kwanza.

Lakini vikombe si kitu. Sharon alikuja na mzee wa kijiji, Kipkemoi, ambaye ndiye wa pili ninayemtaja. Sharon alishika simu akauliza. Paa ni ya nini? Mabati. Sakafu? Saruji, ndiyo, ile niliyomwaga mwaka wa bonasi nzuri ya majani. Choo? Redio? Shamba? Nikajibu. Halafu akasimama kwenye boma.

"Na ng'ombe ni ngapi?"

"Ni nne," nikasema.

"Zinakamuliwa?"

"Mbili."

Akaandika kwa simu. Hakuuliza ni za nani. Ile simu haikuwa na hilo swali. Emily aliniangalia, macho yake yamekaa juu ya uso wangu kama nzi. Mimi nikaangalia michai. Kipkemoi, ambaye alijua kabisa, ambaye alikuwepo siku Joseah alipozileta, akainua macho juu, akasema, "Leo inaweza kunyesha mawe."

Haikunyesha. Jibu lilikuja kwa simu baada ya wiki chache: tuna uwezo. Daktari wa kupasua akasema nafasi yangu itapewa mwingine mpaka nilipe au nisaidiwe. Sista aliponieleza alinishika mkono. Nilimwambia asinishike.

Baridi ya Julai ikaingia. Ukungu wa msitu wa Mau unashuka mpaka mlangoni wakati huo, na mtu asiye na nyama mwilini baridi inamkuta mfupani. Emily alikuwa anachuma majani peke yake alfajiri, anabeba mpaka kituo cha kupimia, anarudi kunimiminia uji, anarudi tena shambani. Mikono yake ilipasuka. Tuligombana kila siku. Si kwa kelele, mimi sauti sikuwa nayo. Aligonga masufuria.

"Sema ni za nani," alikuwa ananiambia. "Neno moja tu."

"Huelewi. Hiyo ni mambo ya wanaume."

"Naelewa. Kufa pia ni ya wanaume. Halafu kubaki ni ya nani?"

Mwisho wa mwezi huo nilienda hospitali kuangaliwa. Nilikuwa nimeanza tena kuhisi mate yanasimama. Nimekaa kwenye benchi, mtu akanisalimia kwa lugha yetu, "Chamge, Baba Chelangat!" Ni Rebecca, bibi ya Joseah, na magongo yake mawili. Alikuwa ameanguka akivuka kijito na majani mgongoni, akavunjika nyonga. Nilijua kuhusu kuanguka. Sikujua kilichofuata.

"Mungu ni mwema," akasema. "Serikali imetulipia yote. Nitapasuliwa tena mara moja, waondoe chuma fulani, halafu nitembee. Walikuja nyumbani wakapata boma tupu, hata mavi ya ng'ombe hakuna. Joseah akawaambia, mnaona wenyewe, tumekwisha. Wakatuhurumia." Akaniangalia vizuri. "Na wewe? Wamekusaidia?"

"Bado," nikasema.

"Waambie ukweli tu. Hawana shida."

Hakuwa ananidhihaki. Nilimwangalia machoni, nikaona hajui. Alidhani mume wake aliuza ng'ombe zote wakati wa ukame. Yule mama alikuwa anamshukuru Mungu kwa boma tupu, na ng'ombe zake ziko kwangu zinacheua, zinanifanya tajiri.

Nilikaa pale mpaka benchi likabaki mimi peke yangu. Niliona kitu chote mara moja. Mtindo wa wazee wetu ulikuwa wa kukimbia ugonjwa wa mifugo na wezi. Joseah aliutumia kukimbia simu ya Sharon. Sikatai, akili ni akili. Lakini alipozificha, alizificha juu yangu.

Nilienda kwake. Yeye ni mtu mnene, mcheshi, huvaa gumboti hata kanisani. Tulikaa nyuma ya nyumba, karibu na lile boma tupu.

"Joseah, wamenikataa kwa sababu ya ng'ombe zako."

"Najua," akasema. "Kipkemoi aliniambia."

Alijua. Hiyo nilikuwa sijaitegemea. Nilidhani nitakuta mtu atakayeshtuka.

"Basi enda useme ni zako."

"Mwenzangu, na Rebecca? Amebakisha mara moja tu apasuliwe. Nikisema sasa, watamtoa. Ngoja yeye amalize, halafu tutaona yako."

"Yangu haingoji. Kinarudi."

Akalitazama lile boma tupu. Halafu akatabasamu, akanigusa goti. "Sikia. Yule ndama wa kike, mwekundu, chukua. Ni wako kabisa. Nimekupa."

Nilicheka, na kucheka kwangu wakati huo kulikuwa kama kukohoa. "Joseah, wamenikataa kwa kuwa na ng'ombe, na wewe unaniongezea nyingine?"

Naye akacheka. Hiyo ndiyo shida ya Joseah, anapendeka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tulipokuwa menjo, nani alikubeba?"

"Ni wewe."

"Basi na wewe nibebe kidogo."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Na nataka unielewe, wewe unayeniona mjinga: nilikuwa nimekubali. Nilimwambia Emily, "Tutangoja." Yeye alikuwa anakamua. Hakugeuka. Alimaliza, akachuja maziwa, akanimiminia kwa mpira, akaufunga, akaufunika na kitambaa safi. Kisha akasema, "Kunywa vizuri hayo. Ni ya mwisho."

"Unafanya nini?"

"Wewe ulikaa menjo na Joseah. Mimi sikukaa menjo na mtu."

Akafungua boma. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kupima majani. Alizitoa zote nne na ndama nyuma, akashika njia kubwa, ile inayopita kituo cha majani, na alijua anachofanya, kwa sababu kuna njia fupi ya chini kwa mto. Kumrudishia mtu ng'ombe zake bila yeye kuziomba, kwetu ni tusi kubwa kuliko matusi ya mdomo. Na mchana hivi, na mwanamke? Nilichukua fimbo nikamfuata. Sijui kama nilitaka kumzuia. Nilikuwa natembea hatua chache, nasimama, nashika mpira wangu chini ya shati, natembea tena.

Pale kituoni watu wote walikuwa wamepanga vikapu. Karani alikuwa ananing'iniza majani kwenye mizani. Mtu mmoja akaita, "Mama Chelangat, mnahama?"

"Narudisha wageni," Emily akasema. "Wamekaa sana."

Watu wengine wakacheka, halafu wakaona ni ng'ombe zipi, wakaacha kucheka. Watu wazima wote walizijua. Karani alisahau kusoma mizani. Nilipopita, hakuna aliyenisalimia, ila nyuma yangu nikasikia vikapu vinawekwa chini na miguu inafuata. Kipkemoi alikuwa mmoja wao, na leo hakuangalia mawingu.

Kwa Joseah, Rebecca alikuwa ameketi juani amenyoosha mguu. Aliona ng'ombe zinaingia kwa lango lake, akauliza, "Na hizi ni za nani?"

Emily hakumjibu. Ile ng'ombe mzee, yenye pembe moja, ilipita katikati yetu sote, ikaingia boma tupu, ikaenda ikasimama kwenye kona, karibu na jiwe. Ndipo ilipokuwa ikikamuliwa zamani. Ilisimama ikingoja. Rebecca akaitazama kwa muda mrefu. Akaitambua, nikaona akiitambua, na uso wake ukaanguka.

Joseah alitoka na gumboti zake. Akaona watu. Akaniangalia mimi tu.

"Mwenzangu," akasema.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza bado. Emily alikuwa amefanya kazi yake, ng'ombe zimefika, watu wameona. Lakini kuona si kusema, na Sharon angekuja tena na Kipkemoi angeangalia juu tena. Nikageukia yule mzee wa kijiji. Koo langu lilikuwa bovu, sauti ilitoka kama mlango usio na mafuta.

"Mzee Kipkemoi. Hizi ng'ombe ni za Joseah arap Mosonik. Zilikuwa kwangu kimanagan. Umesikia?"

Kipkemoi akasugua kofia yake. "Nimesikia."

"Nani mwingine amesikia?"

Watu walikuwa wanaangalia chini. Halafu Rebecca, kutoka pale alipokaa, akasema, "Mimi nimesikia."

Tulirudi nyumbani kwa njia ya chini, Emily na mimi. Boma lilikuwa wazi. Nililia, na sikulia kwa ajili ya ng'ombe.

Sharon alikuja mara ya pili baada ya Mama Akinyi kukaa mlangoni kwake akimsumbua kwa niaba yangu, na wakati huo Mama Akinyi alikuwa ameshamzika mume wake. Mama huyo alikuja kuchukua nguo za marehemu wodini akapitia kunisemea. Watu wa kabila langu waliangalia chini, Mungu akamtumia mama wa kutoka ziwani. Sharon alisimama kwenye boma tupu, akamuuliza Kipkemoi, Kipkemoi akajibu. Jibu likatoka, na safari hii lilikuwa ndiyo.

Walinipasua mvua za vuli zikianza. Daktari alisema kile kitu kilikuwa kimeanza kuamka, tungengoja mpaka Krismasi hangeshika kisu. Niliamka na mabomba kila mahali na kiu ya ajabu. Sista mmoja wa usiku alikuwa analowesha pamba na maji anagusa midomo yangu. Sijawahi kunywa kitu kizuri kama ile pamba. Baada ya siku nyingi nikapewa kijiko kimoja cha uji, na uji ukapita. Nilingoja usimame. Haukusimama. Emily akasema, "Sasa usianze kula kama mtu wa kiwanda," halafu akatoka nje haraka, na kupitia dirisha nikamwona amejifunika uso na lesso.

Sasa nakula kidogo kidogo, kama ndege. Nalala nimeegemea mito, nikilala sawa chakula kinarudi juu. Chai nakunywa ikiwa vuguvugu, na watoto wananicheka nikipuliza kikombe. Nacheka nao. Harufu ya majani nimeisamehe.

Wengine sijawasamehe. Wilson bado anauza ile dawa nyeupe. Kipkemoi bado ni mzee wa kijiji. Joseah hakupata hasara kubwa, kama unataka kujua. Kweli walimtoa Rebecca kwenye msaada, na mimi hiyo ilinikosesha usingizi. Halafu Joseah akauza ng'ombe moja, yule mama akapasuliwa, akatembea. Ng'ombe moja tu! Angeiuza tangu mwanzo, mimi na yeye tungekuwa bado tunaongea. Desemba vijana walipotahiriwa, wanaume wa rika letu waliitwa menjo. Mimi sikuitwa. Nilisikia nyimbo kutoka ng'ambo ya bonde, nikafunga dirisha.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba ukisema ukweli utapendwa. Nakuambia hivi tu: ule mlango wa mwisho upo, uingie mapema. Wakija nyumbani usiazime vikombe. Na wakihesabu kitu kisicho chako, usingoje waulize. Sema ni cha nani. Sema jina.

Bomani Emily alipanda mboga za managu. Kwa sababu ya ile mbolea ya miaka yote yanaota kama msitu, na ni laini, yanapita vizuri. Maziwa hatukuwa nayo, mpaka asubuhi moja tuliposikia gongo likigonga kwenye mawe ya njia. Ni Rebecca, na kibuyu kimefungwa mgongoni kwa lesso. Amepanda ule mlima wote na mguu wake. Akakiweka mezani.

"Hata mimi hakuniambia," akasema. Akakaa kidogo, akapumzika, akaenda. Anakuja kila wiki. Nilitaka kukataa. Emily alinimiminia kikombe, akaniangalia kwa yale macho yake. Nilikunywa. Ni ya ile yenye pembe moja, nayajua.

Juzi Sharon alikuja tena, maana kila baada ya muda wanaangalia kama hali imebadilika. Akaona managu, akacheka, akaandika kwa simu yake. Halafu akaona kibuyu mezani.

"Naona siku hizi mna maziwa."

Emily akaniangalia. Nikaweka kikombe chini.

"Hayo ni ya Rebecca, bibi ya Joseah arap Mosonik," nikasema. "Andika. Andika jina lote."